Neno Ulilonituma kwa Pacifique

Kasulu mjini,
Jumatatu, baada ya Alasiri

Kwa Mama Constantin,
Nyarugusu

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta umeamka vyema, goti limepunguza kuuma, na mvua za wiki hii hazijaubomoa tena ule ukuta wa jikoni. Kwaya inaendeleaje? Nasikia mnajiandaa kwa mkutano wa injili na kwamba sauti ya tatu bado inawasumbua. Sisi huku hatujambo. Baba anakohoa kidogo kwa baridi ya Kasulu, ambayo anailaumu kila mwaka kana kwamba amehamia jana kutoka Ujiji. Mama naye anakusalimu sana. Kile kitenge ulichomchagulia amekishona, na sasa tumechoka kukiona.

Najua utashangaa kupata barua wakati juzi tu nilikuwa kwako. Nilikaa kwenye kigoda, nikanywa chai yako ya tangawizi, nikayasifia maharage ambayo hata sikuyaonja vizuri, kisha nikaaga. Nilikuwa nimekuja na neno, nikaondoka nalo. Simu nayo siwezi kukupigia, kwa sababu simu ya nyumbani kwenu hukaa mfukoni mwa Pacifique. Basi nimejificha nyuma ya magunia ya chumvi dukani, naandika. Barua atakuletea Prudence, yule dada mwenzetu wa timu ya gemu anayefundisha cherehani huko kambini. Nimemwomba asiifungue, na hataifungua, maana yeye ni mwaminifu kuliko mimi.

Nianze na lile usilolijua. Pacifique anajiandaa kurudi Fizi, ng'ambo ya ziwa. Kuna watu wanaoondoka Jumapili hii kwa njia ya Kigoma, na amekubaliana nao. Ile simu mpya aliyoshinda kwenye gemu Kibondo ameiuza ili apate nauli ya meli. Aliniambia Ijumaa, hapa hapa dukani, huku akinisaidia kupanga sabuni kama kawaida yake. Nilipomuuliza anaenda kwa nani, alijibu kwamba huko hakuna mtu, ila hapa napo mama yake hawezi tena kumtazama usoni, na yeye hawezi kuendelea kuwa mzigo kwenye macho ya mtu aliyemzaa. Nikamwambia asiharakishe. Hilo tu ndilo nililoweza kusema, Mama, nami nilikuwa na maneno mengine tele ya kumwambia.

Sasa nivumilie nikueleze gemu, maana wewe uliwahi kusema ni kazi ya watoto wanaotaka kuharibika macho, na bila kulielewa gemu hutaelewa nilichofanya. Wanacheza wanne kwa wanne, kila mtu na simu yake, wote wakiwa ndani ya mji mmoja wa kuchorwa. Huwezi kuwa kila kitu humo ndani. Unachagua kazi yako kabla hamjaanza. Mimi hubeba ngao na kutangulia, napigwa mimi ili wenzangu wapite. Prudence anasema nilipewa kazi hiyo kwa sababu kichwa changu kinatosha kuziba barabara. Yeye ni mpelelezi, ana mbio na anaona mbali. Nestori wa Kitanga ni fundi, anajenga vizuizi na kutega mitego, na kila tukianza mechi lazima atuamkie “mwakeye” kwa Kiha hata kama ni jioni. Hawa wote, pamoja nami, wana bunduki. Mganga peke yake hana. Ana bomba la dawa mgongoni, linalofanana kabisa na lile ambalo Pacifique hupulizia dawa ya mbu anapojitolea kambini. Akikupulizia unapona, na ukianguka anakuja kukuinua.

Pacifique alikuwa mganga wetu tangu siku ya kwanza, na hakukubali kazi nyingine hata kwa utani. Nilidhani ni upole tu. Tulipocheza ule mchezo wa kusukuma toroli hadi kwenye ngome ya wapinzani, au ule wa kushikilia kilima, hakuna aliyetuweza, kwa sababu ukiangusha mmoja wetu, Pacifique yuko pale kabla hujageuka. Vijana wa Kibondo walikuwa wanatuita timu ya yule Mkongo. Mimi ndiye kapteni, Mama, na jina hilo sikulipenda. Nalisema ili ujue moyo wangu ulikuwaje.

Halafu likatangazwa bonanza la Kibondo, likidhaminiwa na mwenye duka moja la simu. Tukaandikisha majina, na shirika analojitolea Pacifique likamsaidia kupata kibali cha kutoka kambini. Mambo yote yalikuwa yamenyooka hadi walipotuma taratibu za mashindano. Fainali ingechezwa kwa mtindo wanaouita roho moja. Humo kila mtu ana roho moja, akianguka ameanguka, hakuna kuinuana. Kwa hiyo mganga hana kazi, na gemu lenyewe linamfungia nje. Ukitaka kucheza lazima uchague kazi nyingine, na kazi nyingine zote zina bunduki. Kubadilisha mchezaji hakuruhusiwi.

Nilimweleza Pacifique. Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba ana kiapo kwako. Akaniambia kwenu mtoto haendi mwenyewe kwa mzazi kuomba kufunguliwa kiapo. Hutuma mtu anayemwamini, na jibu analorudi nalo mtu huyo halirudiwi kuulizwa, maana kuliuliza tena ni kumvunjia heshima mzazi na kumfanya mjumbe mwongo. Akaniomba niende mimi. Nilivimba kichwa, Mama. Rafiki zake ni wengi, wengine wa kanisani kwenu, na akanichagua mimi Mwislamu wa dukani.

Ulivyonipokea unakumbuka. Nilikuja na gari la Baba lililoleta sabuni, ukanipa bugali na sombe, kile kisamvu chenu chenye mawese, ukasubiri nishibe. Nilipoeleza nilichotumwa, hukukasirika. Ulinisimulia habari za Constantin, ambaye jina lake ndilo tunalokuitia na sikuwahi kuuliza yuko wapi. Ulisema alikuwa na umri wa kuchunga mbuzi wapiganaji walipomchukua shambani, wakambebesha bunduki iliyomzidi urefu, na kwamba ulimwona mara moja tu baada ya hapo, barabarani, akapita bila kukuita. Ulisema ulipovuka ziwa na Pacifique mgongoni ulimwahidi Mungu kwamba huyu mmoja mikono yake itabaki mitupu, na alipokua ukamwapisha juu ya Biblia. Kisha ukanitazama ukasema, “Apana, mwana yangu. Bunduki ni bunduki tu, ata ya mu telefone. Umuambie mama amesema apana.” Nikaitikia ndiyo, Mama. Ukanifungia na sombe nyingine nimpelekee mama yangu.

Wiki iliyofuata tukaenda Kibondo. Tulipita mechi za mwanzo bila jasho, toroli tukasukuma, kilima tukakishika. Kabla ya fainali Prudence alishauri Pacifique aingie kwa jina tu, ajifiche nyuma ya jengo asifyatue chochote, na sisi watatu tupigane na wanne wao. Nestori alisema hata tukiwa wa pili si haba. Mimi nilikataa. Nilisema Pacifique yuko tayari. Wote wakamgeukia, naye akainamisha kichwa akakubali, kisha akachagua kazi ya mdunguaji, mwenye bunduki ndefu ya kulenga kwa mbali.

Prudence aliangushwa mapema, Nestori akafuata. Mimi niliangusha mmoja wao kisha ngao yangu ikavunjika, nami nikatoka. Akabaki Pacifique peke yake dhidi ya watatu. Hakukimbia huku na huku kama tunavyofanya sisi. Alitulia nyuma ya ukuta, akangoja kama anavyongoja kumwinua mtu, akawapiga mmoja baada ya mwingine. Ukumbi ulilipuka. Wakambeba juu, wakapiga kelele “Mkongo! Mkongo!”, na kijana mmoja akarekodi yote, sura ya Pacifique na ile bunduki kwenye skrini kubwa nyuma yake. Mimi nilicheka kuliko wote. Baadaye nilimkuta uani kwenye bomba la maji, ananawa mikono na sabuni, ananawa tena. Aliniuliza mama alisema nini hasa, neno kwa neno. Nikamwambia.

Ile video ilifika Nyarugusu kabla yetu. Najua ni jirani yako Kezia aliyekuonyesha, na najua ulimrudishia simu yake. Mengine ameniambia Pacifique. Ameniambia unampakulia chakula, unakifunika, unatoka nje mpaka amalize. Kwamba kwaya ameacha kwa sababu akiimba wewe unanyamaza. Kwamba alipiga magoti akakuomba msamaha, ukamuuliza kama hakupata jibu lako, naye akasema alilipata. Baada ya hapo hujamuuliza tena. Na lazima umejiuliza, Mama, huyu mtoto mwenye akili timamu, aliyepata jibu langu, amewezaje kufanya vile, na mbona hajitetei hata kwa neno moja?

Hajitetei kwa sababu jibu lako hakulipata. Mimi nilimwambia umekubali.

Siku ile nilipotoka kwako, gari letu lilikwama kwenye tope kabla ya kufika barabara kuu, na watu waliposhuka kusukuma mimi nilibaki nimekaa nikiwaza jinsi Kibondo watakavyotucheka. Nilipomfikia Pacifique nilikuwa nimeshapanga maneno yangu. Nilimwambia mama amesema sawa, kwa siku moja tu. Nikaona ananitazama kwa mashaka, nikaogopa, nikaongeza kwamba umesema Mungu anatazama moyo, hatazami mkono. Wewe hukusema hivyo. Maneno hayo niliyatunga mimi, nikayapaka utakatifu ili yafanane na yako. Halafu, ili asije akakuuliza, nikamwambia umeomba jambo hili asikutajie kamwe, kwa sababu litakukumbusha Constantin. Nililichukua jina la mwanao uliyempoteza, ulilonipa wewe mwenyewe kwa kuniamini, nikalifanya kufuli ya uongo wangu.

Basi Pacifique anaamini ulikubali kwa ajili yake, kisha moyo ukakushinda ulipoiona ile video. Anaamini anakuumiza kwa kitu ulichompa kwa upendo. Ulipomuuliza kama alipata jibu lako akasema alilipata, na kwake huo ulikuwa ukweli. Anakaa kimya kwa kukutii. Hata nauli hiyo ameitafuta ili wewe upumzike. Juzi, nilipokuwa nakunywa chai yako, alipita uani akaniambia taratibu kwamba usiku hulala akijirudia yale maneno ya Mungu kutazama moyo, ndiyo yanayompa usingizi. Niliweka kikombe chini, Mama. Nilisingizia kwamba chai ni ya moto.

Hajavunja kiapo chake kwa kiburi. Aliomba ruhusa kwa njia mliyomlea nayo, akampa kazi hiyo mtu mbaya. Kosa ni langu lote, na silijui jina lake kwa lugha yoyote ninayoijua. Dua nimesoma, saumu nimefunga, na bado najua kwamba mambo haya hayaishi kati yangu na Mungu peke yetu.

Usinisubiri mimi. Ukimaliza kusoma mwite, umwambie ulichonijibu siku ile, na umpe barua hii aisome mwenyewe. Akitaka kuniambia lolote, au kunifanya lolote, nipo dukani. Timu nimeiacha, na Prudence na Nestori nitawaeleza leo jioni. Alhamisi gari la Baba linaleta mzigo huko, nitapanda nije nisimame mbele yenu wote wawili. Mkinifungia mlango nitakaa nje.

Nisalimie wanakwaya wote. Baba na Mama hawajui ninachokuandikia, lakini watajua kabla hawajalala, maana hata wao wamekula chakula chako. Mungu akuzidishie afya, na akuachie mwanao nyumbani.

Mama, naomba kitu kimoja tu. Kama utakuwa na neno kwangu, liwe la msamaha au la kunifukuza, usimtume mtu. Niite nije nilisikie kwako.

Ni mimi niliyekuwa mwanao,

Saady Isihaka