Nahodha wa Mji Unaoelea

9 Februari

Baba, shikamoo.

Natumai goti limetulia na mwanangu Hakimu anakula bila kuvutana. Mimi mzima, ila mikono inachubuka kwa sabuni. Kufulia hospitali nzima si mchezo. Tukimaliza mashuka ya wodi moja, ya nyingine yako mlangoni.

Nina swali, na usinicheke. Juzi wakati wa chakula ulizuka ubishi kuliko wa mpira. Katika filamu zote za anga na sayari za kubuni, ulimwengu upi ndio uliokilea kizazi chetu? Mpiga pasi akataja wake, mzee wa stoo akamzomea. Mimi nikasimama, nikasema hakuna kama Mji Unaoelea. Nikawasimulia Nahodha alivyomwacha binti yake akaenda kuutafutia mji wake dawa, na mwishoni akarudi, akagonga mlango kwa goti kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imebeba dawa. Nilisimulia mpaka machozi yakanilenga.

Mpiga pasi akaniuliza, "Dada, hiyo uliionea wapi?" Yeye ameiangalia yote, na lugha yake anaijua. Anasema Nahodha hakutafuta dawa yoyote. Alichoka na ule mji, akaenda zake, na hakurudi. Kwenye kanda ya mwisho anajenga nyumba kwenye sayari nyingine, basi, imekwisha. Walicheka hadi msimamizi akaja kuangalia kuna nini. Tangu siku hiyo naitwa Nahodha.

Ulituonyesha nini kwenye zile kanda zako, Baba?

Mwanao,
Rubani

2 Machi

Rubani wangu, marahaba.

Goti linalalamika mvua ikikaribia, vinginevyo tupo. Hakimu hajambo na kesi zake haziishi. Jana kaniuliza kwa nini nywele zangu zimehama kichwani zikahamia masikioni.

Huyo mpiga pasi hajakosea. Lugha ile nilikuwa naokota neno hapa na pale, na chumba kimejaa watoto wa mtaa wananitazama mdomoni. Nikasimama pembeni ya televisheni nikawafasiria. Nisipoelewa, nilijazia. Nilijazia sana, mama. Ila kanda ya mwisho niliielewa vizuri kuliko zote, maana haikuwa na maneno mengi. Mama yako alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi, na wewe, rubani wa mashine yangu ya video, umekaa juu ya kreti lako kando yake, kidole kwenye kitufe. Nikapunguza sauti, nikasimama mbele ya picha, nikamrudisha Nahodha nyumbani.

Kuhusu ubishi wenu, mkunga wetu wa zahanati, yule aliyekuwa akikaa benchi la mbele, anasema kutoogopa damu alijifunza kwa Nahodha. Fundi friji naye anaapa kwamba injini ya ule mji ndiyo iliyomtia kwenye ufundi. Wote wawili hawajasikia neno hata moja alilosema Nahodha mwenyewe. Kwa hiyo na mimi kura yangu naipa Mji Unaoelea, lakini ule wetu.

Sasa jambo lenyewe. Ile mashine nimeifufua, na Hakimu anaangalia na mimi. Imebaki kanda ya mwisho. Kila jioni ananiuliza kama Nahodha atarudi kwa mwanawe. Nimwambie nini?

Baba

15 Machi

Baba, shikamoo. Nimefurahi kusikia mnaendelea vizuri.

Mwambie ileile. Mimi haikuniua.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita, lakini msimamizi anataka nibaki, anasema nitapewa usimamizi wa zamu. Nafasi kama hii haiji kila siku. Mwakani nitakuja, hilo halina mjadala. Mwambie Hakimu viatu vya bluu nimeviona dukani, anitumie kipimo cha mguu.

Rubani

28 Aprili

Mwanangu, marahaba. U mzima?

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika, na nikiwa na hasira unanijua, naandika vibaya.

Siwezi kumwambia ileile. Nilipokusimulia wewe, niliamini kabisa kwamba mama yako yuko njiani. Sikukudanganya, nilibashiri, nikakosea. Na haikukuua, kweli, lakini mimi ndiye niliyekuwa nakutazama. Kila mlango ulipoguswa kwa chini ulikimbia kufungua, kumbe ni mbuzi wa jirani anajikuna. Uliendelea hivyo mpaka ukawa msichana mkubwa.

Hakimu nimemkabidhi ile kanda aishike mwenyewe. Ameivisha soksi, anailalia chini ya mto. Anasema hataki kuiona mpaka kwanza ajue inaishaje. Nikamwambia mama kaahidi mwakani. Akaniambia, "Babu, mwakani si ndiyo ilikuwa mwaka huu?" Kipimo cha mguu amekataa kunipa.

Kama huko ndiko umeamua kujenga, niambie, nami nitamzoesha taratibu. Sikulaumu, maisha nayajua. Ila mwisho nisioujua sitausimulia tena.

Baba yako

20 Juni

Baba, shikamoo.

Najua nimekaa kimya hadi mkaanza kuulizana. Barua yako nilitembea nayo kwenye aproni mpaka ikalowa, nikaianika pamoja na foronya. Mpiga pasi ndiye aliyeiona kwenye kamba. Nilidhani atacheka. Akaisoma yote, akaniuliza, "Sasa huyo mtoto anangoja mwisho upi?" Nikalia pale pale mbele ya mashine, Baba. Nilikumbuka yule mbuzi. Nilikuwa nimemsahau kwa makusudi.

Usimamizi wa zamu amepewa yeye, na anaufaa. Mimi nimeaga. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, gari likienda vizuri, nitakuwa hapo mchana. Viatu nimenunua kwa kukisia, vikimbana atanihukumu.

Usimwambie chochote, tafadhali. Nimeshamwahidi mno. Mikono itakuwa imejaa mizigo, kwa hiyo ukisikia mlango unagongwa kwa chini, usinyanyuke, pumzisha goti lako. Mwache yeye aje kufungua. Akisema ni mbuzi wa jirani tu, mwambie aende akaangalie.

Mwanao,
Rubani