Bibi, Ni Mimi Niliyesema Sakafu Ipigwe Niru

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo, kisha nikatega sikio kwa mazoea, kama nitasikia marahaba yako.

Barua hii nilianza kuiandika kwa Kiingereza, kama tunavyofundishwa shuleni, anwani juu upande wa kulia na tarehe chini yake. Nilidhani kwa lugha ile aibu itapungua. Nikafika mstari wa tatu nikaichana. Wewe Kiingereza chako kilikuwa "gudi moning" basi, na ukiisema hata magharibi. Nakuandikia kwa maneno yetu, ingawa haya ndiyo yanayonichoma.

Unakumbuka tulivyohama Ng'ambo baada ya Mapinduzi, Baba alipopewa vyumba viwili vya chini katika nyumba ya mawe huku Mjini, ambayo wenyewe walikuwa wameondoka? Wewe hukufurahi. Ulipita ukiitazama misumari iliyobaki ukutani, palipokuwa pametundikwa picha za watu, ukasema, "Nyumba hii bado ina wenyewe." Halafu ukauona ukumbi, ukashusha pumzi. Ukumbi ulikuwa njia pekee, kutoka mlango wa barabarani mpaka uani kwenye choo na pipa la maji, na humo ndimo walimopangiwa kulala mbwa wa Baba, Tomi na yule wa sikio moja tuliyemwita Kasoro. Baba alikuwa mlinzi wa ghala la karafuu. Usiku alikwenda nao kazini, mchana wote watatu walilala, yeye chumbani, wao ukumbini.

Majirani walitusema. Bi Mize wa nyumba ya pili alikuuliza dirishani, "Nyumba ya Kiislamu ina mbwa wawili, malaika watapita wapi?" Ukamjibu, "Watapita unapopita mshahara wa mwanangu." Nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya pazia.

Lakini ndani ulihangaika. Ulinifundisha kwamba najisi ya mbwa kavu kwa kavu haidhuru, ubaya uko kwenye majimaji. Nawe ulikuwa ukitoka uani na miguu imerowa udhu, ukipita pale pale mbwa walipodondosha mate. Ile sakafu ya chokaa ilikuwa kuukuu, imechimbika kwa kucha zao, kila shimo limeshika mkojo. Kuiosha ilikuwa kazi yangu. Mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Udongo ukishaingia mashimoni hautoki. Mpaka namaliza vidole vimechubuka, alasiri imeshaadhiniwa, na wewe umesimama uani umejitanda kanga, unangoja upite ukasali. Hukunigombeza hata siku moja. Ungenigombeza ningeona afadhali.

Ndipo Baba akakubali kutia sakafu mpya, na Fundi Pandu akaja kutoka Darajani na vipande vya kuonyesha. Alivipanga pale kizingitini. Wewe ukaitisha msumari wa inchi nne na kata ya maji.

"Hizi kucha za mbwa," ukamwambia, ukaukokota msumari juu ya mpira wa sakafu. Ukachanika. "Huu wape wanaofuga paka."

Ukamimina maji juu ya kipande cha chokaa, yakazama. "Hii inakunywa kuliko mimi."

Vigae ukavitazama tu. "Kila mwanya utakuwa na najisi yake. Nani ataichokoa, wewe?"

"Bi Mkubwa," fundi akasema, "wewe ungekuwa mkaguzi wa majengo."

"Na wewe ungekuwa fundi."

Mama alicheka akashika ukuta. Ikaja saruji. Msumari uliacha mstari mweupe tu, na maji yakakaa juu, yakafutika kwa kitambaa. Ukasema, "Hii." Mimi nilikuwa nimeshika kata, karibu yako kabisa, na nilisikia ulivyoongeza: "Lakini mwisho uipige fagio ingali mbichi, ibaki na mikwaruzo. Miguu yangu ya kizee hii, na nnavaa mitalawanda." Mitalawanda yako, vile viatu vya mbao vya kwendea chooni, ambavyo tukivisikia vikigonga tulijua saa ya sala imefika.

Saruji ilikuwa ya kutafutwa siku zile. Baba alizungushwa mwezi mzima ndipo akapata mifuko. Siku fundi aliporudi, wewe na Mama mlikuwa mmekwenda Mtoni matangani, na Baba amelala. Nilibaki mimi. Fundi alikuwa ameshaimwaga na kuisawazisha, akainua kichwa akaniita.

"Ewe binti. Bibi yako alisema nimalizie vipi? Fagio au niru?"

Niru ni ule uji wa saruji tupu unaosuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka sakafu ing'are. Niliijua kwa sababu kwa rafiki yangu wa shule wanayo, na nilimwona akiipangusa mara moja kwa kitambaa, imekwisha, anakwenda kusoma. Nikaona vidole vyangu. Nikaona mara saba.

Unanijua mimi, Bibi. Mgeni akipiga hodi mimi huingia uvunguni. Mwalimu wa Kiingereza aliniita bubu mbele ya darasa. Siku ile, sijui ulimi niliutoa wapi, nilijibu upesi.

"Niru."

"Una hakika? Mimi nakumbuka kama..."

"Ndivyo alivyosema."

Uliporudi ulisimama mlangoni. "Mbona inang'aa hivi?" Ukaijaribu kwa kidole cha mguu. "Mafundi hawa hawasikii." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako nimebeba kikapu chako, nikakihamishia mkono wa pili.

Miezi mitatu ilikuwa raha. Mkojo haukukaa tena, udongo ulitoka kwa maji ya kwanza, na ukinisifu: "Leo umemaliza mapema, mwanangu." Kila uliponisifu nilitaka kusema.

Ile Jumatatu nilikuwa nimemwaga maji ya saba na sikuyapangusa vizuri. Nilikaa kwenye ngazi na kitabu. Mbwa wamelala karibu na mlango, Tomi amelaza kichwa juu ya mgongo wa Kasoro. Ukatoka uani. Nilisikia mtalawanda mmoja ukigonga, wa pili haukugonga. Nilikuona ukianguka, Bibi. Niliona yote. Mbwa hawakuwa wameinuka bado. Ni baada ya kishindo ndipo Tomi alipokuja akakulamba uso, na Mama akatoka jikoni akamkuta hapo hapo.

"Mbwa kamwangusha! Mbwa kamwangusha Bibi!"

Baba alitoka chumbani akampiga Tomi teke. Akataka kukunyanyua, ukamzuia kwa mkono. "Nitoharisheni kwanza." Nyonga imevunjika, na wewe umelala kwenye saruji ukingoja uso uoshwe mara saba. Mama aliosha huku analia, akapoteza hesabu, ukaihesabu wewe. Udongo nilikwenda kuuleta mimi.

Hospitali walisema mfupa wa mzee, mrudisheni akapumzike. Jumanne mchana, Baba amelala, uliniita kitandani.

"Nimemsikia baba yako akiwatukana wale mbwa. Akiamka mwambie hawakunigusa. Niliteleza mwenyewe. Umenisikia?"

"Naam, Bibi."

"Mimi sina nguvu ya kusemasema. Mwambie wewe."

Jioni homa ikakupanda, ukawa unawaita watu waliokwisha kufa. Baba aliamka, akanywa chai karibu yangu. Lile agizo lako nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nikiwaambia sakafu imekuangusha, watamwita fundi, wamuulize kwa nini ameipiga niru, naye atanyoosha kidole. Nikasema nitamwambia kesho asubuhi.

Usiku ule Baba hakwenda kazini. Jumatano alfajiri, kabla sijaamka, aliwafunga mbwa kamba akatoka nao kwa njia ya Mtoni. Alirudi na kamba mbili tupu, akazitundika kwenye moja ya ile misumari ya ukutani.

Alhamisi usiku homa ilipungua ukafumbua macho. "Mbwa wako wapi?"

"Wako na Baba kazini."

"Ulimwambia?"

"Nshamwambia, Bibi."

Ukanipapasa mkono ukasema, "Ahsante, mwanangu." Ijumaa ukatuaga.

Nimekaa na ahsante hiyo tangu hapo. Siku ya matanga watu waliwalaani mbwa, na Bi Mize alisema, "Si nilisema?" Nami niliwapitishia kahawa. Baba sasa anakwenda ghalani na rungu tu, na mara mbili amerudi na uso umevimba, kwa sababu wezi wameshajua kwamba yuko peke yake. Ukumbi unang'aa. Wageni wakiingia wanausifu.

Jana nilirudi shule nikamkuta Baba amekaa kizingitini anafunga kamba za viatu. Nilikaa kando yake nikamwambia yote, tangu fundi aliponiuliza mpaka nilipokudanganya kitandani. Sauti ilikatika mara nyingi, akawa ananiambia, "Sema," bila kunitazama. Nilitaka anipige. Nilikuwa nimeshavua miwani.

Aliniuliza kitu kimoja tu. "Bibi alikuagiza siku gani?"

"Jumanne."

Alikaza kamba ya kiatu cha pili. Kisha akasema, "Jumatano ile sikuwavuta. Tomi alikuwa mbele, yeye ndiye aliyekuwa akinivuta mimi. Alidhani tunakwenda kazini."

Akainuka, akachukua rungu lake, akaondoka.

Sijui atamwambia nini Mama, wala mimi sijui nitaanza na neno gani. Kwa kuanguka kwako nitaomba msamaha kwa Mungu kila nikisujudu. Kwako naomba msamaha wa lile agizo, kwa sababu uliniamini mimi, asiyesema, na lilikuwa la maneno machache sana.

Lala salama, Bibi. Mchanga ukuwie mwepesi.

Ni mimi mjukuu wako, niliyeitika naam na sikufikisha,

Subira