Kilo Tisa na Nukta Sita

Jumanne, 3 Juni

Daktari amekubali! Nimerudi nyumbani kwa miguu, hata basi nililisahau. Miaka miwili na miezi minne tangu Dada anipe figo yake, na leo mtu aliyesomea kazi hiyo ameniandikia kwenye karatasi kwamba naweza kwenda mlimani siku nne na begi mgongoni. Sharti ni moja, kwangu na kwa Dada ninayekwenda naye, maana sasa kila mmoja wetu anaendeshwa na figo moja: maji. Lita tatu kwa siku, kila mtu, na kiu isitukute hata mara moja. Alisema mara tatu, kisha akataka nirudie mimi, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nikampigia Dada. Alikuwa kazini kwenye basi lake la shule, akasema nisubiri ashushe watoto. Alipopiga nilimsikia kwanza anavuta kamasi. Halafu akauliza begi langu lina kilo ngapi. Ndiye huyo huyo!

Mume wangu anasema kubeba mzigo kwa hiari ni kazi ya watu wasio na punda. Lakini alikuwa anatabasamu, nilimwona.

Alhamisi, 5 Juni

Leo tulikuwa ukumbi wa chama cha wapanda milima. Mwongozaji wetu wanamwita Gramu, na sasa najua kwa nini. Kila mtu alimwaga vitu vyake vyote sakafuni mbele ya wenzake — aibu iliyoje! Kanuni yake: begi lisizidi moja ya tano ya uzito wa mwenye begi. Mimi nina kilo hamsini na mbili, kwa hiyo mwisho wangu ni kumi na kidogo. Dada ana sitini na mbili, mwisho wake kumi na mbili na kidogo. Ukizidisha unabaki kituoni, unapungia wenzako mkono.

Langu lilikuwa kumi na nne.

Gramu akapiga magoti katikati ya mali zangu, anashika kimoja kimoja. Hii suruali ya tatu ya nini? Taulo kubwa kama shuka, ya nini? Tochi mbili, una macho mangapi? Sabuni mche mzima. Na mkasi wangu wa kazini, ambao sijui uliingiaje humo. (Najua. Niliuweka mwenyewe. Miaka thelathini ya ufundi cherehani, bila mkasi najiona uchi.) Akasema kitu ulichokibeba kwa sababu ya woga ndicho kizito kuliko vyote. Nimeliandika hilo ukutani, juu ya cherehani.

La Dada lilikuwa kilo kumi na moja, maji ndani. Watu wakampigia makofi. Akanitupia lile jicho la dada mkubwa, nikawa na miaka saba tena.

Jumapili, 8 Juni

Siku ya mkasi! Gramu atakoma mwaka huu. Nimekata lebo zote. Nimekata kamba zilizozidi, mifuko ya pembeni, nusu ya mpini wa mswaki. Nimekata na ule mkanda mpana wa kiunoni wenye sponji, dude zito kweli, gramu mia tatu au zaidi. Nikaona ni urembo tu. Kwisha.

Mizani ya nyumbani haina akili, nikaenda kwa muuza nyama wa pale kona. Akatundika begi langu kwenye ndoano, kati ya paja na mbavu, akauliza nataka la supu au la kuchoma. Kilo tisa na nukta tatu, pamoja na lita zangu tatu! Nilirudi naimba njia nzima.

Jumanne, 10 Juni

Mabega yananiwaka moto. Tulienda mazoezi na Dada, saa tatu kupanda na kushuka vilima nje ya mji. Saa ya kwanza nilijikaza. Ya pili nikajikaza zaidi. Ya tatu nilikuwa naingiza vidole gumba chini ya mikanda na kujifanya natazama ndege.

Nyumbani Dada alinivua shati. Michirizi miwili myekundu, mmoja umechubuka. Aliipapasa yote miwili, akaligeukia begi, akalitazama. Dada akitazama kitu hivyo ujue kuna jambo.

Tukampelekea Gramu begi. Akapapasa pale palipokuwa na mkanda, akauliza aliyefanya hivi ni nani. Nikasema ni fundi. Akanieleza kwa upole (afadhali angenigombeza) kwamba mzigo haubebwi na mabega, unabebwa na kiuno, na kile nilichokikata ndicho kilichokuwa kazini. Gauni za maharusi nimeshona mia mbili na kitu, kila moja naikaza kiunoni ili isilemee mabega. Na la kwangu mwenyewe sikuliona! Kweli nyani haoni kundule.

Jumatano, 11 Juni

Nimeshona mkanda mpya. Turubai laini, sponji ya kiti kilichovunjika, mishono mitatu mitatu. Nikaushonea kwenye begi, nikajaza vitu vyote, nikafunga. Lo! Mabega yakapata nafasi, kama mtu kanijia nyuma akaniinulia.

Nikakaa chini na begi mgongoni, nikalia kidogo. Si uchovu. Nilikumbuka siku ya upasuaji. Nesi aliniambia Dada alipozinduka hakuomba maji, aliuliza kama ile ya mdogo wake imeanza kufanya kazi. Ilikuwa imeanza. Ilianza palepale mezani, wakasema haijawahi kuonekana figo yenye haraka hivyo. Ni ya Dada, ingekawiaje? Asante Mungu. Asante Dada. Sijui neno jingine, na hili limechakaa kwa kutumiwa, lakini ndilo nililonalo.

Ijumaa, 13 Juni

Mara ya mwisho kwa muuza nyama: tisa na nukta sita. Mkanda mpya umo, sufuria imo, mtungi wa gesi umo, chakula cha siku mbili kimo (cha mbili nyingine anacho Dada), dawa zangu zimo, maji yamo. Safi.

Dada kaja kulala kwetu. Mabegi mawili yamesimama karibu na mlango, yanatusubiri. Mume wangu kaliinua langu, kalirudisha chini, akasema basi nenda, lakini urudi. Tumecheka wote watatu, kisha hakuna aliyecheka.

Jumamosi, 14 Juni

Kambini! Nimefika wa tatu kati ya wanane, na ninaandika hili nikiwa nimevua viatu.

Asubuhi Gramu alipima mabegi kituoni. Langu: saba na nukta nane. Nikasema haiwezekani. Akapima tena, saba na nukta nane. Kwa hiyo mizani ya muuza nyama inazidisha karibu kilo mbili! Miaka yote hiyo tunakula hewa! Dada alikuwa wa kwanza kukubali, akasema wauza nyama wote ndivyo walivyo. La kwake lilikuwa kumi na moja kasoro kidogo, vilevile kama kawaida yake.

Njia ilikuwa na vijito viwili, tulikunywa mpaka matumbo yakawa yanapiga kelele. Nilipofika kambini nikamkuta Dada ameshatangulia, chakula kiko jikoni. Hataki nifungue hata kamba ya begi. Nimekaa tu natazama bonde, mabega yangu mazima, mwili wangu mzima. Miaka mitatu iliyopita ngazi za hospitali zilikuwa zinanishinda.

Jumapili, 15 Juni, mchana

Naandika chini ya jabali, kwenye kivuli. Nina hasira.

Leo ni siku ya njia kavu. Gramu alituonya tangu jana: hakuna maji mpaka kambi ya pili, kila mtu ajaze lita tatu. Nilimuuliza Dada, akapigapiga begi lake, akasema ziko ndani.

Saa tano alianza kubaki nyuma. Dada! Wenzetu wakatangulia na msaidizi wa Gramu, Gramu mwenyewe akabaki nasi. Saa saba Dada akakaa chini bila kuambiwa, midomo imekauka, kichwa kinamgonga. Nikafungua begi lake nimpe maji. Nikakuta sufuria. Mtungi wa gesi. Mfuko wangu wa chakula. Na chupa moja ya lita, moja tu, tupu.

Ijumaa tulipolala ndipo alipovihamisha. Vyangu vingemzidishia uzito kwenye mizani ya Gramu, basi akaacha chupa zake mbili nyumbani. Muuza nyama, nisamehe. Mizani yako ni ya haki.

Nilimgombeza, mimi mdogo mtu, mbele ya Gramu. Akasema taratibu, "Mabega yako niliyaona."

Nikamwambia, "Nimebeba figo yako miaka miwili. Sufuria itanishinda?"

Akainamisha uso. Nadhani alikuwa analia, lakini kwa kiu ile hata machozi yalikuwa haba. Nikakaa nikamshika. Tangu utoto kwake mzigo wa mwenzio si kanda la usufi, mzigo wa mwenzio ni wake, na mwenye mzigo haulizwi. Bila tabia hiyo mimi nisingekuwa hai. Kwa hiyo nina hasira nayo na ninaishukuru, kwa pamoja, sijui nifanyeje.

Chupa ya Gramu ilikuwa na mafunda mawili, Dada kayamaliza. Gramu kaacha begi lake hapa, kakimbilia kambini kuleta maji. Atatumia saa moja na nusu, amesema, tusiondoke kivulini. Vitu vyangu nimevirudisha kwenye begi langu, nimefunga mkanda, nimejaribu kusimama. Nimesimama vizuri tu.

Yamebaki maji yangu, nusu lita. Nikamwambia anywe yote. Akakataa, eti daktari alisema kila mtu. Nikasema mimi nimekunywa tangu asubuhi. Akasema yeye ndiye mkubwa. Tumebishana mpaka tumekubaliana: kifuniko kimoja yeye, kifuniko kimoja mimi, mpaka Gramu arudi.

Amekunywa viwili. Nimekunywa viwili. Nimemjazia cha tatu, nimekishika hapa mbele yake.

Anajifanya amelala.