Mtoto Hatakuja Likizo

2 Novemba

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila goti linanisumbua kukipoa. Shule zikifungwa nataka mjukuu wangu aje. Mdogo wangu atamfuata mwenyewe Ijumaa ya tarehe 21. Tangu likizo iliyopita anamuulizia.

Mama yako

8 Novemba

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Sisi wazima. Mtoto ana masomo ya ziada, hivyo huenda asije. Tafadhali mwambie mjomba asisumbuke.

Mwanao

11 Novemba

Marahaba. Masomo gani ya mtoto wa miaka saba? Wewe na huo ukarani wako, unaniandikia kama bosi anayeninyima ruhusa. Mjomba wako anakuja.

Mama yako

15 Novemba

Mama,

Shikamoo. Tafadhali keti kwanza, ndipo usome.

Hakuna masomo ya ziada. Likizo iliyopita, ulipokuwa sokoni, mjomba alimwingilia mtoto. Ameniambia mwenyewe, na daktari amethibitisha. Jumatatu natoa maelezo polisi.

Kila Jumatano nikitoka kazini nakaa na akina mama ambao watoto wao wamefanyiwa hivyo. Mshauri huweka kiti cha mtu unayemwogopa, na mwenzetu mmoja hukikalia na kumwigiza mtu huyo. Nilisema namwogopa mama yangu. Mshonaji mmoja akakaa, akakunja mikono: “Unamsingizia mdogo wangu, niliyembeba mgongoni?” Mama, nilimwomba radhi. Nikamwahidi mtoto atakuja.

Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Kisha mmoja akauliza, “Na mama mwenyewe utamwambia nini?”

Ndiyo haya. Namwamini mwanangu. Mjomba akija, sitafungua mlango. Naogopa hutaniandikia tena.

Mwanao

24 Novemba

Mwanangu,

Mnaendeleaje? Mtoto analala vizuri?

Nilikukasirikia wewe kwanza. Huyo mshonaji alinipatia. Ndivyo ningesema, na mikono ningekunja. Nikaiweka barua chini ya godoro, nikampikia mdogo wangu kama kawaida. Alhamisi akawa anapiga pasi shati la safari. Nikamuuliza. Hakukana. Aliuliza, “Nani amesema?”

Nilikwenda polisi kwa miguu. Wamemchukua.

Nataka kuja. Lakini ni nyumba yangu yalimotokea, na mimi ndiye niliyemwachia mtoto. Pengine mtoto akiniona ataikumbuka. Waulize wenzako, bibi kama mimi anaingiaje? Nikifika nitakaa nje ya mlango. Usimlazimishe kunisalimia. Asiponiita, nitarudi kwangu, na nitakuja tena.

Mama yako