Injini ya Farasi Arobaini

Firdausi, uko? Baba leo kanisimulia jambo.

Mwaka 1997 alikuwa akiendesha pantoni dogo lililoelea juu ya mapipa, pale mto Malagarasi. Tajiri wake, Mansuri, akaleta injini ya nguvu za farasi arobaini. Baba akamwambia, “Mapipa haya yanataka kumi na tano. Hii nzito itazamisha nyuma.” Mansuri akasema, “Funga hiyo hiyo.”

Akafunga. Firdausi, alijua, na akafunga.

Katikati ya mto nyuma ikazama, maji yakafika magotini. Abiria tisa, mama miongoni mwao, ana mimba yangu. Baba akapunguza mwendo, akasema taratibu, “Tambaeni mbele, mmoja mmoja.” Nyuma ikainuka, wakavuka.

Mama alipokanyaga nchi kavu alimuuliza, “Ulijua?”

Miaka yote hii hajamjibu. Leo kanijibu mimi.