Mvinyo kwa Daktari wa Meno

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na mtoto, na kwamba kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila ulimi hauna ugonjwa; bado anatupangia mambo yote akiwa kitini. Mimi naendelea na kazi yangu ya kukata vioo vya miwani. Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Haya ninayokuandikia, kwenye simu ungenikatisha, au ningejikatisha mwenyewe.

Jumamosi iliyopita marafiki zako walikutana kuonja mvinyo nyumbani kwa daktari wa meno, kama mlivyokuwa mkifanya kabla hujahama. Nasema marafiki zako, ingawa mwaka mzima sasa wananialika mimi. Tulikuwa wanne: daktari mwenyewe, mwalimu wa historia, yule seremala tunayemwita Msumari, na mimi. Ilikuwa saa kumi na moja, jua bado linaingia dirishani. Daktari alikuwa amezifunga chupa sita kwa magazeti na kuziandika namba, akatandaza karatasi nyeupe ili tuone rangi, na kila mtu akapewa kikombe cha kutemea akishaonja. Mwalimu hakutema hata tone. Alisema yeye hakulelewa kutupa vitu.

Dada, nilikuwa nimejiandaa. Miezi mitatu nimesoma vitabu, nimenusa kila kitu jikoni nikiwa nimefumba macho, hadi mama akaniuliza kama nina akili timamu. Chupa ya nne nilipoinusa tu niliijua. Nikawaambia imekaa kwenye mapipa ya mti wa mwaloni, na ndani yake kuna harufu ya ngozi ya kiatu kipya. Daktari akabandua gazeti, akasoma lebo, akakuta nimepatia. Nikasubiri kusifiwa. Msumari akatabasamu, akasema, "Utadhani dada mtu ndiye anaongea."

Wote wakacheka kwa furaha, na kuanzia hapo ukawa wewe tu. Jinsi ulivyowahi kuitambua chupa iliyoharibika kabla haijamiminwa. Jinsi unavyocheka. Mwalimu akasema tangu uondoke vikao vimepoa, kisha akakumbuka kuwa nipo, akanisogezea sahani ya jibini. Niliitafuna ile jibini kama karatasi. Roho iliniuma, siwezi kukuficha. Tangu utoto nimevaa nguo zilizokubana, nimefundishwa na walimu waliouliza kwa nini sifanani na wewe; sasa hata pua yangu imekuwa yako.

Kisha daktari akatoa habari. Yeye na Msumari wamekodi chumba kando ya kliniki, wanafungua duka la mvinyo. Mbao za rafu zimeshapigwa randa. Wanatafuta mtu wa kuchagua chupa na kuwafundisha wateja kuonja. Nikajua anakuja kwangu. Kweli akanigeukia, akaniuliza kama nadhani wewe ungekubali kurudi kuifanya kazi hiyo, maana amesikia huko uliko hujapata ya kukuridhisha.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Nikaweka glasi chini, nikawaambia hutarudi. Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Nikaongeza kwamba uliniambia vikao vile vilikuwa vya kupotezea muda, na kwamba wao ni watu wasioweza kutofautisha mvinyo na siki. Hukuyasema hayo hata siku moja. Yalinitoka yakiwa yamekamilika, kana kwamba nimeyafanyia mazoezi. Msumari alichukua kikombe chake akaenda kukisuuza jikoni, akakawia huko. Ndipo daktari, kwa sauti ya chini, akaniuliza kama mimi ningeweza kuijaribu kazi. Nikakubali.

Jumapili na Jumatatu sikuweza kula. Jumanne mchana nilikwenda kliniki, nikangoja daktari amalize kung'oa jino, nikamweleza yote, huku mgonjwa mwenye pamba mdomoni akinitazama. Daktari alinawa mikono taratibu. Akasema, "Mwandikie wewe mwenyewe. Nafasi yake itamngoja hadi mwisho wa mwezi." Kuhusu mimi hakusema lolote, nami sikuuliza. Msumari mpaka leo haitikii salamu yangu.

Kwa hiyo kazi ni yako ukiitaka. Nikikwambia natamani uje, nitakuwa nimesema uongo mwingine. Natamani ukatae. Natamani siku ya kufungua nisimame mimi pale dukani, aingie mtu ambaye hajawahi kukuona. Lakini jibu ni lako, nami nitalifikisha kwa daktari kama lilivyo, bila kupunguza wala kuongeza neno.

Msalimie shemeji, na umbusu mtoto. Mama anakusalimu sana. Haya bado hajui, nitamwambia kwa mdomo wangu. Kama hasira haijakuisha, usiharakishe kuandika. Nitangoja.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda