Matumizi Bora ya Giza

Jumatatu, 7 Septemba 1998
Nimesahihisha madaftari ya Kidato cha Tatu mpaka mkono umekufa ganzi. Mmoja kaandika kwamba volti hupimwa kwa mizani. Sijui nilie au nicheke. Nimekunywa chai, nimeendelea.

Mchana tumepata ugeni. Bwana Lusekelo wa shirika la umeme, katoka Morogoro, viatu vimejaa vumbi la barabara ya Kidatu. Kaleta mashindano ya shule za sekondari: Matumizi Bora ya Umeme. Mita imesomwa leo, itasomwa tena katikati ya Oktoba. Shule itakayofanya vizuri inapewa sanduku zima la vifaa vya fizikia. Amita, voltimita, nyaya, vyote vipya. Nilimpenda mtu yule papo hapo. Maabara yetu ina amita moja nzima na nyingine mgonjwa.

Alipoanza kueleza, umeme ukakatika. Wasichana walicheka mpaka Matroni akawakaripia. Mgeni naye kacheka. Akamalizia bila kipaza sauti, na alieleza vizuri. Taa za tyubu badala ya balbu. Pampu iwashwe wakati mji umelala. Nguo zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja. Mkuu wa shule alikuwa anaandika muda wote, anatikisa kichwa kama yuko kanisani.

Nimefurahi. Sikumbuki lini nilifurahi hivi kwa jambo la shule.

Jumanne, 8 Septemba
Furaha imekufa asubuhi, mstarini.

Mkuu kasimama mbele ya shule nzima. "Mmemsikia wenyewe yule bwana. Matumizi bora. Maana yake, bora tusitumie."

Nilidhani anatania. Mkuu hatanii. Miaka yote niliyokaa naye sijawahi kumsikia akitania.

Kuanzia leo balbu za mabwenini zinatolewa. Pasi marufuku. Pampu marufuku. Nilimfuata ofisini nikamweleza: bora ile ni ya ubora, Mkuu, kutumia vizuri. Kanitazama kwa huruma. Yeye ni mwalimu wa historia, mimi ni wa fizikia, lakini Kiswahili eti anakijua yeye.

Ijumaa, 11 Septemba
Tangi tupu. Wasichana wanachota maji kisimani, mtaa wa Viwanja Sitini, alfajiri, foleni moja na akina mama wenye watoto mgongoni. Wanarudi wamelowa. Kipindi changu cha kwanza darasa zima linasinzia. Nimepiga meza kwa rula. Wakaamka, wakasinzia tena. Siwezi kuwalaumu.

Mkuu kila asubuhi anakwenda kuitazama mita. Anainama, anaitazama ile sahani ya ndani yake inavyozunguka polepole, anarudi anatabasamu. Jamani.

Jumatano, 16 Septemba
Kafunga maabara! Kufuli kubwa jeusi. Nimekwenda na Kidato cha Nne kufanya jaribio nikakuta mlango umefungwa kama ghala la mbolea.

Nikamwambia, Mkuu, majaribio yetu yanatumia betri za redio. Betri haipiti kwenye mita. Hata tukitumia betri mia, ile sahani yako haitazunguka hata nukta.

"Mwalimu," kasema, "umeme ni umeme."

Umeme ni umeme! Nimetoka bila kuaga. Nimefika nyumbani nikamsimulia Digna, mwalimu wa biolojia tunayeishi naye, kacheka mpaka kakaa chini. Kasema kwa hesabu za Mkuu, kijiji cha Masagati ndicho bingwa wa nchi, maana hawana hata nguzo. Mimi sikucheka. Mtihani wa vitendo ni Novemba.

Jumamosi, 19 Septemba
Nimemkuta Skolastika wa Kidato cha Nne nyuma ya jiko, anachora saketi kwenye majivu kwa kijiti. Huyu anatoka Masagati kweli, huko mbele ya Mlimba. Umeme kauona mara ya kwanza alipokuja kidato cha kwanza, na tangu siku hiyo hajaacha kuniuliza maswali. Anataka chuo cha ufundi Dar es Salaam, umeme, basi. Hana lingine analolitaka. Baba yake kamwambia asipofaulu fizikia arudi shambani, na baba yule hasemi mara mbili.

Nadharia anaijua kuliko baadhi ya walimu niliosoma nao. Lakini amita hajawahi kuishika peke yake. Wako wengi, amita ni moja, na yeye si mtu wa kusukumana. Mwezi huu ndio nilipanga awe na zamu yake kila jioni.

"Shikamoo mwalimu. Kufuli litafunguliwa lini?"

Nimemjibu karibuni. Sijui kwa nini nimemwahidi kitu ambacho sina.

Jumatatu, 28 Septemba
Nimeongea na Mkuu tena. Kazi bure. Nimezungumza mpaka koo limekauka. Yeye anazungumzia sanduku tu. Sanduku likifika, kila msichana atashika amita. Nikamuuliza, wasichana gani? Hawa wa mwaka huu watakuwa wameshaondoka. Kajibu kwamba shule ni ya vizazi.

Kisha kasema jambo ambalo limeninyima hasira yangu kwa muda. "Mwalimu, tangu niletwe hapa sijawahi kuishindia shule hii kitu chochote." Kalisema taratibu, anatazama dirishani. Nikamwonea huruma. Nikajichukia kwa kumwonea huruma.

Jumapili, 4 Oktoba
Nimekwenda Mkula kumwona dada. Nyaya zinazotuletea umeme Ifakara zinapita juu kabisa ya shamba lake la mpunga, na yeye jioni anawasha kibatari. Nikamsimulia vibatari vimeingia bwenini kwetu, ambako waya upo na soketi ipo. Kanitazama. "Mmerogwa?"

Alhamisi, 8 Oktoba
Moto.

Bweni la Kidato cha Nne, saa ya kujisomea. Kibatari kimeangushwa, chandarua kimeshika. Skolastika kakivuta kile chandarua kinachowaka kwa mkono, kakitupa nje mlangoni, mwenzake alikuwa chini yake amelala. Mwenzake mzima. Godoro moja limeungua. Mkono wa kulia wa Skolastika, vidole na kiganja.

Tumempeleka hospitali mimi na Matroni, kwenye baiskeli. Hakulia. Njia nzima ananiuliza kama mkono utapona kabla ya Novemba. Muuguzi kasema vidole vitapona ila taratibu. Taratibu! Mtihani uko mlangoni.

Nina hasira. Sitaandika zaidi.

Ijumaa, 9 Oktoba
Mkuu alikuja hospitali asubuhi. Macho mekundu, kofia mkononi. Kampa Skolastika pole, kamletea maandazi. Nikadhani sasa yamekwisha.

Nje kaniambia, "Zimebaki siku chache tu, Mwalimu. Tuvumilie." Vibatari navyo kavipiga marufuku. Sasa wasichana hawana hata kibatari. Saa moja jioni wanalala kama kuku.

Mchana kasafiri Mahenge, msibani kwa shemeji yake. Atarudi Jumatatu jioni.

Jumapili, 11 Oktoba
Nimefanya.

Baada ya misa nimeazima nyundo kwa fundi seremala wa jirani. Kufuli jeusi limekufa kwa mapigo ambayo Ifakara nzima imeyasikia. Matroni kaniangalia, kisha kaenda stoo mwenyewe kaleta katoni ya balbu. Tumerudisha zote, bweni kwa bweni. Nikawasha swichi kubwa ya mabweni.

Nimewasha kila kitu. Taa za mabweni, za madarasa, za jiko, za njia. Pampu. Maji yalipoanza kuanguka kwenye tangi, wasichana walipiga vigelegele. Sikuwanyamazisha. Kidato cha Nne wamekaa maabara mchana kutwa hadi giza likaingia. Skolastika karuhusiwa jana, kaja na bandeji yake, kakaa meza ya mbele. Nimempa amita nzima, nimekataa mtu mwingine asiiguse. Anaunganisha nyaya kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, nyaya zinamponyoka, anaokota, anaanza upya. Nilitaka kumsaidia. Kanikatalia.

Jioni watu wa Viwanja Sitini walikuja getini kuuliza nani anaoa.

Najua nimeharibu mashindano. Vilevile nalitaka lile sanduku, nalitaka kuliko Mkuu. Hilo ndilo linalonikera zaidi.

Jumanne, 13 Oktoba
Karudi. Kapiga kelele ofisini mpaka walimu wakatoka kwenye vyumba vyao. Utovu wa nidhamu. Uharibifu wa mali ya shule. Ataniandikia nihamishwe, tena mbali.

Nikamwambia, "Nihamishe, Mkuu. Lakini baada ya mtihani wa vitendo." Maabara haikufungwa leo. Pengine kwa sababu hana kufuli lingine.

Digna ananiambia niombe radhi. Siombi.

Alhamisi, 15 Oktoba
Bwana Lusekelo kaja kusoma mita. Na hapa ndipo ninapochoka na dunia. Pamoja na fujo yangu ya Jumapili, shule yetu imetumia umeme kidogo kuliko zote! Siku moja ya kuwasha kila kitu haikufuta wiki zote za giza. Mkuu karuka kama kijana. Nami, sina aibu kuliandika, nilifurahi naye. Niliona lile sanduku mezani kwangu.

Ila mgeni hakumaliza. Kawauliza wasichana: mmepunguzaje? Mmebadilisha nini? Mkuu anatabasamu, anawakonyeza waseme chochote. Skolastika kanyanyuka, mkono wake mweupe wa bandeji.

"Shikamoo. Tulizima kila kitu. Tulikaa gizani."

Watu wakacheka kidogo. Bwana Lusekelo hakucheka. Kamuuliza mkono umefanya nini. Kamweleza, bila kuongeza wala kupunguza, moto, kibatari, chandarua. Wala hakumtaja Mkuu.

Dakika ile nilitamani angedanganya. Tyubu, pasi kwa mkupuo, pampu usiku, yote tumeyasikia, angeyataja tu. Naliandika hili hapa maana hakuna mtu mwingine nitakayemwambia.

Bwana Lusekelo kavua miwani. "Mheshimiwa Mkuu, haya si matumizi bora. Hapa hamkutumia kabisa. Siwezi kulipeleka hili kama mfano." Sanduku linakwenda shule nyingine. Mkuu kakaa kwenye kiti, kaonekana mzee.

Wasichana wengine wamemnunia Skolastika. Bwenini hawasemi naye.

Mgeni hakuondoka mara moja. Kafuata mita mbovu kwenye gari, kaifungua mezani maabara, skrubu kwa skrubu, kawaonyesha kinachozungusha ile sahani. Kila mmoja kashika. Hata walionuna walisogea. Kaeleza mpaka dereva wake akaja kumwita mara ya pili. Sanduku hatukupata, lakini lile somo nisingeweza kulifundisha mimi.

Ijumaa, 23 Oktoba
Jioni zote maabara. Sauti imenikauka. Nimewafokea leo kwa sababu wamechanganya nyaya za amita na voltimita, kitu ambacho mtoto angejua. Halafu nikakumbuka wameanza juzijuzi tu. Nimefoka hata hivyo.

Skolastika anaandika kwa kushoto sasa. Maandishi yake yanapanda mlima. Msichana aliyekuwa chini ya kile chandarua ndiye anayemkatia mkate asubuhi. Wengine wamefuata.

Barua ya uhamisho bado sijaiona. Mkuu tukikutana anatazama miti.

Jumatano, 11 Novemba
Leo mtihani wa vitendo. Jana nilipanga vifaa kila meza kama maelekezo yalivyotaka, nikavikagua tena na tena. Leo mwalimu wa somo haingii. Wasimamizi ni wa shule nyingine. Nimekaa kwenye ngazi za jiko, nimekunja kanga yangu mapajani, nimeikunjua, nimeikunja.

Mkuu kapita. Kasimama. "Habari za asubuhi, Mwalimu." Nzuri, Mkuu. Kakaa ngazi ya chini yangu, tukautazama mlango wa maabara pamoja mpaka ukafunguliwa.

Skolastika katoka wa mwisho. Wino mpaka kwenye kiwiko. Kanisalimu, kasema jedwali lake limepinda lakini limejaa, hakuacha nafasi hata moja. Kisha kaomba ruhusa akalale.

Sijui kama kafaulu. Karatasi zimefungwa kwenye bahasha, zimeondoka. Baba yake atasubiri majibu kama sisi.

Jioni nimepita maabara. Wote wameondoka, madirisha yako wazi, taa inawaka juu ya meza tupu. Nimeingia, nimepanga viti, nimezima.